Kijiti cha Jirani Yangu

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mitatu mizima nilimwonea wivu mwanamke mmoja mpaka nikawa namwota. Nasema wazi, kwa sababu watu wakisimulia wivu wao husingizia mambo mengine, eti "sikuwa namwelewa yule", eti "damu zetu haziendani". Damu zetu zilikuwa zinaendana vizuri tu. Mimi nilikuwa na kijicho.

Alikuwa akiuza vitenge vya jumla Kariakoo, ng'ambo ya mtaa, duka lake likitazamana na baraza ninapoweka cherehani yangu. Wote wawili ni watu wa Kilimanjaro, wote Wakatoliki, parokia moja na jumuiya moja, maana majirani wa dini yetu tunasali pamoja kila Jumamosi asubuhi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kabla ya kufungua biashara. Yeye alikuwa na mabinti wawili waliopishana miaka sita kamili. Mimi nilikuwa na wanne, na wa kwanza na wa pili walinyonya kwa zamu, mmoja titi la kulia, mwingine la kushoto. Tukienda kusali kwake, nyumba kimya, makochi meupe. Zamu yangu ikifika, watu wanakaa juu ya madaftari ya watoto.

Padri akawateua yeye na mumewe kufundisha semina ya wachumba, ile inayowafunza vijana kupanga uzazi kwa njia ya asili, yaani kuzihesabu siku za mwanamke bila dawa wala kifaa, kwa sababu Kanisa letu linakataa hivyo vingine vyote. Tangazo liliposomwa, mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Yule ana nidhamu." Neno lile likanichoma. Maana yake nini? Kwamba sisi wenye wanne hatuna?

Na usidhani nilimwonea wivu yeye peke yake. Mwenye jengo letu ni mama wa Kihindi, ana watoto wawili, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza wa tatu yuko wapi. Sisi tukipumzika mwaka mmoja, mashemeji wanapiga simu kutoka Kibosho. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Hata dada Mwislamu anayeuza vifungo na nyuzi pembeni yangu nilimwonea wivu. Siku moja, kashata mdomoni, alinihadithia kwamba yeye na mumewe walimuuliza shehe wao, wakaambiwa kupeana nafasi hakuna ubaya mkikubaliana wote wawili, basi akachoma sindano. Alisema kwa sauti ile ile anayotajia bei ya zipu. Mimi neno "sindano" nilikuwa siwezi kulitamka hata kliniki.

Baada ya mtoto wa nne nikajipeleka mwenyewe kwenye semina. Ilikuwa ya wachumba, lakini padri aliruhusu na wanandoa. Nikakaa nyuma, katikati ya mabinti wenye pete mpya. Jirani yangu alisimama mbele na kadi kubwa ya vibandiko, vyekundu siku za hedhi, vya kijani siku za ukavu, vyeupe siku za hatari. "Mwili wa mwanamke unasema," alituambia. "Kazi yako ni kuusikiliza." Anaongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Nilitoka pale nimeamini.

Nilibandika vibandiko miezi minane. Mume wangu, ambaye anauza spea za magari mtaa wa Gerezani, kadi ile aliipa jina la ratiba ya treni. Kila akiuliza anaambiwa leo haipo. Alinung'unika, lakini alifuata. Mwezi wa tisa nikapata mimba.

Nilivuka mtaa na kadi yangu mkononi. Nilitaka aniambie kwamba hutokea, kwamba hata walimu huteleza. Alivaa miwani, akaipitia kadi mstari kwa mstari, akaweka kidole. "Hapa," akasema kwa upole. "Hapa hamkuwa waaminifu, dada." Angenitukana ningepona haraka. Ule upole wake ndio ulionikaa rohoni, na nilirudi kwenye cherehani nikashona mfuko wa suruali ya mtu upande usio wake.

Nitasema na hili, halafu nisiulizwe tena. Kuna duka la dawa ambalo wanawake wa mjini wanalijua, ukiuliza kwa sauti ya chini unapewa vidonge vya kuiondoa. Wiki mbili nilipita mbele yake kama mtu aliyepoteza kitu barazani pao. Siku nilipoingia, aliyekaa kaunta alikuwa mwanakwaya wetu, anaimba besi. "Tumsifu Yesu Kristo, mama," akaniamkia. "Milele amina," nikamjibu, nikanunua dawa ya kichwa, nikatoka. Wengine wakisimulia habari kama hizi husema walisikia sauti ya Mungu. Mimi nilimwonea haya mtu wa besi. Mimba ikabaki.

Ilipofika miezi sita, wanawake wa parokia tukakubaliana kushona sare ya sikukuu ya somo wetu, mtakatifu msimamizi wa parokia. Vitenge vilitoka kwake, kushona ilikuwa kazi yangu. Alikuja Jumanne asubuhi kupimwa. Mshono tuliouchagua ulikuwa wa mikono ya kubana, kwa hiyo ilibidi nipime unene wa mkono juu ya kiwiko. Sisi mafundi tukipima mkono hatukazi futi juu ya ngozi. Unaingiza vidole viwili chini yake, ili nguo isije ikambana mtu akinyanyua mkono. Nikaingiza vidole vyangu, upande wa ndani wa mkono wake wa kushoto, na hapo chini ya ngozi nikagusa kitu chembamba, kimenyooka, urefu kama wa njiti ya kiberiti.

Nilikijua. Muuguzi wa kliniki alishawahi kutupa tukishike kimoja, kupokezana, wanawake kumi benchi zima. Kinaitwa kijiti, kinawekwa mkononi, hushiki mimba miaka mitatu au zaidi.

"Nini hiki?" nikamuuliza.

"Mshipa."

"Mshipa haunyooki hivi."

Akautoa mkono wake taratibu, akaushusha. "Andika kipimo, fundi," akasema. Nikaandika kumi na tatu. Tumboni mtoto alikuwa ananipiga mateke, mtoto ambaye nilimbeba kwa sababu ya kadi ya mwanamke huyu, kadi ambayo yeye mwenyewe hakuwa akiitumia. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Ndivyo ile nidhamu yake ilivyoundwa, na mimi nikaambiwa sikuwa mwaminifu.

Sasa hapo ungetegemea niseme nilikasirikia uongo wake. Nilikasirika, ndiyo. Lakini chini ya hasira kulikuwa na wivu uleule, umenenepa zaidi. Kwamba alithubutu. Kwamba aliamka siku moja, akaenda mahali, akanyoosha mkono, akarudi kuuza vitenge, na radi haikumpiga. Mimi kila nilipowaza hivyo niliona kaburi la mama yangu na moto wa milele kwa pamoja. Nilikitamani kile kijiti mpaka mkono wangu mwenyewe ukawa unaniwasha.

Jumamosi nikaenda kuungama. Nikapiga magoti pale penye wavu, nikasema, "Padri, nina wivu. Namwonea wivu mwanamke anayefundisha njia ya asili na huku mkononi ana…"

"Mama," padri akanikata. "Ungama dhambi zako. Za jirani yako atazileta mwenyewe."

Kitubio alichonipa kilikuwa kumwombea jirani huyo fungu moja la rozari kila siku, wiki nzima. Nilisali. Nilizisali zile Salamu Maria meno yamekazana, na wiki ilipoisha nilikuwa namchukia kuliko nilivyoanza.

Jumapili iliyofuata wiki hiyo ya rozari, baada ya chakula, miguu yangu imevimba nimeiweka juu ya ndoo, mume wangu akanitazama tumbo, akasema, "Ungemwiga mwenzako, tusingefika huku."

Nikamwambia. "Mwenzangu ana kijiti mkononi. Nimekishika kwa vidole vyangu." Halafu nikaongeza, "Lakini usimwambie mtu."

Mume wangu na mume wa jirani wametoka kijiji kimoja, na kila Jumapili jioni hukaa pamoja kwenye nyama choma. Mume wangu ni mtu mwema, ila siri haimkai kifuani hata nusu saa. Nilijua hivyo tangu uchumba. Nilipomwambia asimwambie mtu, nilikuwa namtuma.

Jumatano duka la vitenge halikufunguliwa. Jumapili iliyofuata likasomwa tangazo kwamba wale wanandoa wamepumzika kufundisha kutokana na majukumu ya kifamilia, na watu wakageuziana shingo. Mumewe alimsindikiza mwenyewe mpaka kwa daktari, kijiti kikatolewa mbele ya macho yake. Najua, kwa sababu alimhadithia mume wangu kwa kujivuna, akisema, "Sasa tuko sawa na Mungu." Mume wangu akaja kunihadithia mimi.

Nilifurahi. Siku ile nilishona magauni matatu na nikawa naimba. Nilimwangalia ng'ambo ya mtaa akikunja vitenge vyake bila kuinua kichwa, nikajiambia, haya, karibu kwenye hesabu ya sisi wengine.

Nilijifungua binti. Jirani alikuja kuniona, maana jumuiya ni jumuiya, akaleta doti ya kitenge na sukari, akasema hongera, akakaa dakika kumi. Mtoto hakumbeba. Miezi mitano baadaye ikasikika kwamba na yeye ni mjamzito.

Unadhani wivu ulikwisha? Wala. Ya kwangu ya tano ilipotangazwa watu waliniuliza, "Tena?" Ya kwake ya tatu ilipotangazwa walisema, "Mungu mkubwa." Wakwe zake walishuka kutoka Kibosho na ndizi na mbuzi. Jumuiya ikamfanyia sala maalumu apate mtoto wa kiume, kwa sababu mumewe hakuwa na wa kurithi kihamba, lile shamba la ukoo kule nyumbani. Hata kisa cha kijiti kikageuka kuwa ushuhuda: dada yetu alipotea, dada yetu amerudi. Mimi niliyefuata kadi miezi minane sikuitwa ushuhuda na mtu yeyote. Niliongoza wimbo kwenye sala ile huku roho inanikereketa.

Akaanza kuniletea sare yake niipanue. Hakuwa na haja ya kuja kwangu, mafundi Kariakoo wamejaa kila uchochoro, lakini alikuja. "Ongeza kiunoni," alisema, na hakusema zaidi. Mara ya kwanza nikafumua inchi mbili. Mara ya pili nikaunga kipande. Mara ya tatu, mimba ina miezi sita, niliona viatu vyake vimekatwa nyuma ili mguu uingie, na uso wake ulikuwa umeumuka.

"Miguu imevimba sana," nikasema.

"Ni joto," akasema. Halafu akakaa kwenye stuli ya wateja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile ya kipimo. "Nakuambia wewe kwa sababu nusu unaijua tayari. Nilipomzaa binti wa pili nilipata kifafa cha mimba. Siku mbili sikujitambua. Mume wangu alikuwa China kufuata mzigo, nikawakataza watu wasimwambie. Aliporudi nikamwambia nilijifungua salama. Daktari alinionya nisibebe tena, kwamba safari ijayo naweza nisiamke."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa. "Kwa nini hukumwambia?"

"Ukweni wanataka mtoto wa kiume. Angeambiwa mimi sizai tena, wangemtafutia wa kumzalia."

"Na sasa hivi? Anajua?"

"Nilimwambia siku kijiti kilipotolewa. Alidhani nabuni kisingizio. Sasa ananiona hali hii, anasema Mungu aliyetoa atalinda." Akainuka kwa kushika meza. "Na pale semina sikuwa nawadanganya. Njia ile ni nzuri kwa anayeweza kukosea na akabaki hai. Mimi nilikuwa siwezi kukosea hata mara moja."

Aliondoka. Nilikaa na ile sare mapajani. Ningependa kuandika kwamba wivu ulikufa papo hapo, lakini haukufa, ulipigwa butwaa tu. Kilichokuja juu yake kilikuwa hofu, kwa sababu nilielewa sasa nilichokuwa nimekifanya kwa vile vidole viwili na ule ulimi wa mume wangu. Mwanamke huyu anaweza kufa, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Ijumaa moja, mimba ikiwa na miezi saba, alianguka dukani. Tukampeleka hospitali. Daktari alimwita mumewe pembeni, na mimi niliyekuwa nimebeba mkoba wake nilisikia kila neno. Presha imepanda mno, kifafa kimeanza, dawa za kuituliza wamempa lakini hazitoshi, mtoto atolewe leo.

"Mtoto atapona?" mumewe akauliza.

"Ni mdogo sana. Anaweza, anaweza asiweze. Tukingoja tutampoteza mama, na mtoto atakwenda naye."

Mume yule aliishika kalamu ya kusaini ruhusa ya upasuaji, halafu akaiweka chini. Alikuwa amelisikia lile neno, atolewe. Alishaaibishwa mara moja mbele ya parokia kwa habari ya kijiti, na sasa anaambiwa mimba itolewe, tena huenda ni ya mtoto wa kiume. "Nimuulize padri kwanza," akasema.

Padri alikuwa mafungoni Kigamboni, kwenye siku za sala na ukimya, simu imezimwa mpaka Jumapili. Wanajumuiya tukajaa benchi la korido na rozari mikononi. Mama mkubwa kuliko sote akatoa hukumu yake, "Kutoa ni kutoa, hata daktari akiipaka asali." Mwingine akasema tungoje tu, Mungu si Athumani. Daktari akarudi mara ya pili na ile karatasi, mara ya tatu akaja na mkubwa wake, na yule mume analia machozi kabisa, anasema naomba mnipe muda, naomba mnipe muda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaogopa kumuua mtoto wake, na hakuna hata mmoja kati yetu wacha Mungu aliyemwambia kwamba anamuua mkewe. Mimi pia sikumwambia. Nilikuwa na la kusema kuliko wote, nikanyamaza mpaka giza likaingia, kila mtu akaenda kwake.

Jumamosi asubuhi nikakuta kifafa kimempanda mara ya pili. Mumewe amekaa palepale. Nikamfunga binti yangu mgongoni, nikatembea kwa miguu mpaka Kivukoni, nikapanda kivuko. Upande wa pili niliuliza nyumba ya mafungo mpaka nikafika. Sista wa getini akaniambia mapadri wako kimya, hawaongei na mtu. Nikamwambia, "Basi asikilize tu, mimi nitaongea." Akanipisha.

Padri alikuwa anatembea bustanini na kitabu chake cha sala. Nilimweleza yote bila hata kumwamkia. Aliponisikia uso ulimgeuka.

"Nani kawaambia mnisubiri mimi?" akasema. "Daktari yupo, mgonjwa yupo, mnamsubiri padri? Kumwokoa mama si kutoa mimba. Huyo mtoto anazaliwa mapema, basi, na atahudumiwa kama mtoto. Hili ningewafundisha dakika tano tu, laiti mngeniuliza mambo haya siku yoyote badala ya kusengenyana."

Aliazima simu ya sista, akampigia mumewe, akamwambia asaini sasa hivi. Tukarudi wote kwenye kivuko, yeye na makubazi yake miguuni, bila hata begi. Hakunisemesha njia nzima. Nilitaka sana anisemeshe, hata anigombeze, lakini alikuwa anasali.

Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi dakika ishirini. Daktari hakusema kama ile siku moja ya kungoja ndiyo iliyomwondoa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Tulipofika alikuwa ameshafunikwa. Muuguzi aliyekuwa zamu, mama mtu mzima mwenye hijabu, akamwambia padri kwamba alipoona pumzi zinakwisha alichukua maji kwenye kikombe, akammwagia mtoto kichwani, akasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Miaka mingi ya wodi ya wazazi ilimfundisha maneno hayo. "Mama yake Mkristo," akasema. "Nisingemwacha aondoke hivi hivi." Padri akamwambia ubatizo huo ni halali kabisa, kwa dharura mtu yeyote anaweza kubatiza akikusudia kile kinachokusudiwa na Kanisa, na akamshika mikono yote miwili. Wale mama wa rozari waliinamisha vichwa.

Jirani yangu alipona. Siku ileile, akiwa bado amefunguliwa mezani, madaktari walimtuma mtu nje kumuuliza mumewe kama wamfunge kizazi, kwa kuwa mimba nyingine haitavumilika. Alisaini papo hapo. Padri alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, na mara hii hakumuuliza mtu.

Na mimi, nimesimama kwenye korido ile, mtoto wa tano mgongoni, maiti ya mtoto wa mwenzangu nyuma ya mlango, niliposikia kwamba amefungwa kizazi, wivu ulinipanda. Uleule niliouzoea. Nikawaza, yeye sasa amekwisha, amemaliza, hakuna atakayemuuliza tena, na mimi mwezi ujao naanza upya kubandika vibandiko. Nimeungama mambo mengi maishani. Hili nimeliungama mara nne, na kila mara padri akisema nimeondolewa naona kama ameongopa.

Wiki tatu nilimpikia mtori, ule wa ndizi na nyama tunaowapa wazazi kwetu, nikaupeleka kwenye kibuyu cha chai ili ufike moto. Binti yake mkubwa alikipokea mlangoni, akarudisha kile cha jana kikiwa kimeoshwa. Sikukaribishwa ndani, na sikuomba kuingia.

Alirudi kwangu baada ya miezi mitatu, Jumatatu asubuhi, wateja hawajaanza. Alikuwa amekonda. Aliitoa ile sare kwenye mfuko, akaiweka juu ya cherehani. "Ipunguze," akasema, akasimama, akainua mikono kama mteja yeyote. Nikazungusha futi kiunoni mwake.

"Fundi," akasema, ananitazama kwa juu. "Nikuulize kitu."

"Niulize."

"Wewe ulitaka nini hasa?"

Miezi yote ile nilikuwa nimeandaa majibu. Kwamba ni ulimi wa mume wangu. Kwamba alinidhalilisha kwa ile kadi. Kwamba mwongo hujulikana mwisho wake. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake, na yote nikayaacha.

"Nilitaka na wewe uchoke kama mimi," nikamwambia. "Nilikitaka kile kijiti chako. Nilikitaka mpaka nikaumwa, na naogopa kwenda peke yangu."

Alishusha mikono. Akageuza macho kule dukani kwake, na mimi bado nimeshika futi, siwezi kuikaza wala kuiachia.

"Ungeniambia siku ile uliponishika mkono," akasema. "Ningekupeleka."